Uji moto kwenye mkebe wa plastiki

Dada, unauliza kama kubeba uji moto kazini kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia kunaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hofu yako ina msingi. Joto na mafuta huongeza kemikali zinazotoka kwenye plastiki, na baadhi, kama bisifenoli A na thaleti, huvuruga homoni. Ulaya iliipiga marufuku bisifenoli A kwenye chupa za watoto mwaka 2011.

Mimi nilianza na thamosi moja ya chuma, ya soko la Gikomba, Nairobi. Huo mkebe uliokwaruzika hadi ukapauka, tilia vifungo na sindano. Usipashe chakula ndani ya plastiki kwenye maikrowevu, tafadhali.

Uji uliokwisha kunywa usikukoseshe usingizi. Ila kama kazini unashika kemikali, mweleze muuguzi kliniki mapema.