Kabla ya kumlipa fundi, tazama kibonye cha NUM

Juzi msomaji mmoja wa Mbale aliniandikia: "Dada, kompyuta yangu inatoa namba badala ya herufi. Fundi anasema kibodi imekufa, anataka laki moja na nusu." Akanitumia mfano: alitaka "kila", ikatoka "253a". Nilishtuka. Namba hizo nazijua, ziliwahi kuniliza mbele za watu.

Mwaka 1996 nilikuwa karani wa chama cha wakulima upande wetu wa Busia. Mjomba, mwandishi wa habari, aliniachia TRS-80 Model 100, kompyuta ya kubebeka iliyotoka 1983. Skrini yake ni mistari 8 tu, kila mstari herufi 40, na inatumia betri nne ndogo, zile za redio. Umeme ukikatika, mimi naendelea kuandika. Nilijivunia mno.

Siku ya mkutano nikaandika mbio, macho kwa msemaji. Nilipoambiwa nisome, "ukulima" ilikuwa "424350a", ukurasa mzima hivyo hivyo. Mwenyekiti akaninyang'anya mashine, akawaonyesha wanachama. "Mwanamke na kompyuta wapi na wapi?" Ukumbi ukacheka. Nikarudishwa kwenye daftari. Maneno yale bado yananichoma.

Usiku, kwa mwanga wa kandili, nikapapasa kibonye kimoja kimoja. NUM kilikuwa kimezama! Ukikibonyeza kinabaki chini mpaka ukibonyeze tena, na muda wote huo M ni 0, J K L ni 1 2 3, U I O ni 4 5 6. Kimewekwa ili mtu wa hesabu aingize tarakimu kwa mkono mmoja. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Basi nikavisoma vibonye vyote. Ukiwa ndani ya TEXT, programu yake ya kuandikia, kibonye cha LABEL hukuonyesha chini ya skrini kazi za F1 hadi F8. F7 unachagua maneno, F6 unayakata, PASTE unayabandika, hata mara kumi. Orodha ya wanachama niliiandika mara moja, kila mkutano nikawa naibandika tu. Mwaka haukuisha, mwenyekiti yule yule akaja kuniomba nimwandikie barua. Niliandika. Radhi hakuomba.

Ndugu zangu, na hasa mabinti, msikubali kuambiwa kitu kimekufa na mtu ambaye hajakigusa. Bonyezeni. Someni kilichoandikwa juu ya kibonye. Nasema tena, bonyezeni, kisha mtazame skrini kabla ya kuandika mstari wa pili.

Na wewe wa Mbale, tazama J, K na L zako: baadhi ya kompyuta ndogo, hasa za zamani, zina namba zilizochorwa pembeni mwa herufi hizo kwa rangi nyingine. Tafuta kibonye cha NumLk. Mara nyingi hubonyezwa pamoja na Fn. Halafu andika "kila" upya, na ile laki na nusu iache mfukoni kwanza.