Mtu wa usafi yupo, mume naye afanye nini?

Dada, umeuliza kama mumeo ana haki ya kukaa tu kwa kuwa mnamlipa mtu wa usafi anayekuja mara moja kwa wiki. Hana. Huyo anadeki, anasugua choo, anafuta vumbi, basi. Vyombo vya usiku, nguo za kuanua, taka za kutoa nje, kukumbuka kwamba sabuni imeisha: hayo ni ya kila siku, na hilo la kukumbuka ndilo linalochosha kuliko yote. Usimwombe "akusaidie". Mwachie kazi nzima, mfano nguo, kuanzia kapu la chafu hadi kabatini, na ukikuta shati limekunjwa ovyo, nyamaza. Halafu nani huokota vitu vilivyozagaa sakafuni kabla mfanyakazi hajafika? Nahisi ni wewe. Hiyo nayo mpe.