Straika wa madaraja ya chini Uingereza: orodha ndefu ya klabu haimaanishi ameshindwa

Mleta uzi ameweka orodha ya klabu za Adi Yussuf, straika mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwemo kwenye kikosi cha Taifa Stars kule Misri AFCON 2019: akademi ya Leicester City, Burton Albion, Lincoln City, Oxford City, Mansfield Town, Grimsby Town, Barrow, Solihull Moors, Blackpool, na nyingine. Ameuliza mambo mawili. Mtu aliyepita klabu zote hizo si ndiye aliyeshindwa kila alikokwenda? Na mpwa wake wa miaka 19, anayesoma chuo huko Leicester, anaweza kuanzia madaraja hayohayo? Waliojibu hapo juu wamebaki kwenye ubishi wa kipaji. Mimi naona tuanze na mkataba, maana ndiko orodha hiyo inakotengenezwa.

Chini ya Ligi Kuu kuna Championship, League One na League Two, kila moja ina timu 24 na mechi 46 za ligi. Hizo tatu zinaendeshwa na EFL, chombo kinachosimamia ligi za kulipwa zilizo chini ya Ligi Kuu. Ngazi ya tano ni National League, nayo timu 24 na mechi 46, kisha National League North na South, halafu ligi za kanda zinazozidi kutawanyika kadiri unavyoshuka. League One na League Two mchezaji wa kawaida hupewa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, wenye kipengele cha klabu kuongeza mwaka ikitaka. Mikataba huisha Juni 30. Mwezi Mei klabu inatoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na si ajabu nusu ya kikosi kuondoka kwa mpigo. Klabu hizi zimewekewa ukomo wa mishahara kulingana na mapato yao, kwa hiyo kumfunga mtu miaka minne ni hatari ambayo wengi hawaibebi. Sasa piga hesabu: miaka 12 ya mikataba ya mwaka au miwili, weka mikopo miwili mitatu katikati, utapata klabu kumi bila mtu kufeli popote.

Kisha kuna kocha. Straika husajiliwa kwa ajili ya mfumo fulani. Kocha aliyemleta alikuwa anacheza 3-5-2 yenye washambuliaji wawili. Novemba anafukuzwa, anakuja mwingine wa 4-3-3 anayetaka mtu mmoja tu mbele mwenye kimo cha kupokea mipira mirefu. Januari yule wa kwanza anapelekwa kwa mkopo daraja la chini. Kwenye orodha inasomeka "mechi 14, goli 1", na humu mtu anaandika kwamba ni galasa.

Kipengele kingine cha kuangalia ni kile kinachosema mkataba utaongezwa mwaka mchezaji akianza mechi kadhaa, tuseme 20. Kinavutia wakati wa kusaini. Tatizo linakuja Machi, akifika mechi 18 au 19, uongozi unamwambia kocha asimwanzishe tena. Anaingia dakika ya 70 kila wiki hadi msimu unaisha. Wakala anayejua kazi huandika idadi ya mechi alizocheza, zikiwemo za kutokea benchi kwa angalau dakika kadhaa, badala ya alizoanza peke yake. Bonasi za magoli na za kupanda daraja zipo, na punguzo la mshahara timu ikishuka lipo pia. Wengi husoma lile la kupanda wakaruka la kushuka.

Kwenye takwimu ndiko watu wanakosea zaidi. Usigawanye magoli kwa idadi ya mechi, gawanya kwa dakika. Chukua mfano wa kubuni: straika ana mechi 34 na magoli 5. Inaonekana vibaya. Lakini ukikuta alianza 12 tu na jumla ya dakika zake ni 1,350, hizo ni sawa na mechi kamili 15. Magoli 5 kwa mechi 15 ni moja kila mechi tatu, na kwa msimu wa mechi 46 ni kama magoli 15. League Two straika wa magoli 15 hugombewa. Baada ya hapo toa penalti, uone yanayobaki. Simaanishi penalti ni magoli ya bure: Rickie Lambert alipiga 34 akiwa Southampton na zote 34 zikaingia, na hiyo ni kazi halisi. Lakini ukimnunua mtu ambaye theluthi ya magoli yake ni penalti, nawe tayari una mpigaji wako, unanunua magoli ambayo hatayafunga kwako.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Paul Mullin. Alipita Morecambe, Swindon Town na Tranmere Rovers bila takwimu za kumfanya mtu ageuke. Msimu wa 2020-21 akiwa Cambridge United akafunga magoli 32 ya League Two na timu ikapanda. Hakuzaliwa upya mwaka ule. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa: karibu na goli, pembeni ya Joe Ironside, mtu mkubwa wa kugombana na mabeki, huku Wes Hoolahan akimpa mipira. Mkataba wake ukaisha, na badala ya kupanda na timu akashuka ngazi mbili kwenda Wrexham, klabu ya Wales inayocheza mfumo wa Uingereza, wakati huo ikiwa National League. Watu walimcheka. Wrexham ilimpa miaka mitatu, karibu na kwao Merseyside, na kwa mchezaji wa ngazi hiyo miaka mitatu ya uhakika ina thamani kuliko jina la daraja. Msimu wa 2022-23 akafunga magoli 38 ya ligi, Wrexham ikachukua ubingwa kwa pointi 111. Kabla ya msimu uliofuata alitobolewa pafu kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United huko Marekani, akakosa mwanzo wa ligi, na bado akamaliza na magoli 24 ya League Two. Kwa hiyo kushuka daraja kwa makubaliano mazuri si sawa na kushushwa. Ukisoma orodha ya mtu, angalia alishuka kwa mkataba wa miaka mingapi.

Uwanjani kazi yenyewe haifanani na tunayoiona Ligi Kuu wikiendi. Mabeki wa kati wa League Two wanapenda mpira wa juu, kwa hiyo straika mkubwa anayesimama akingoja ashindane kuruka atapoteza mingi. Anayejua humgusa beki kwanza, kabla mpira haujafika: mkono kifuani kwake, kiuno chini, anamzuia kuruka, kisha anauacha mpira umdundie mwenzake. Goli nyingi za huko ni za mpira wa pili: kichwa cha kwanza kimeshinda au kimeshindwa, nani yuko pale unapoangukia? Ndiyo maana jozi ya mkubwa na mkimbiaji haijafa kule. Mkimbiaji akikaa zaidi ya mita 10 kutoka kwa mkubwa, kila kichwa kinaenda kwa adui. Akikaa karibu mno, beki mmoja anawalinda wote wawili.

Mipira ya kurusha mirefu na kona ni sehemu ya mshahara. Namba tisa wa huko anajua nguzo ya karibu ni yake: anatoka nyuma ya beki, anakatiza mbele, anaubadilisha mwelekeo tu. Anayekimbilia nguzo ya mbali kila mara anangoja krosi safi, na Desemba uwanja ukishakuwa tope krosi safi ni chache.

Adebayo Akinfenwa ni somo zima hapa. Watu walimchukulia kama kichekesho kwa sababu ya mwili wake mkubwa, lakini aliendelea hadi 2022, akiwa na umri wa miaka 40. Alianzia FK Atlantas ya Lithuania, akapita klabu zaidi ya kumi, akafunga penalti ya dakika za mwisho AFC Wimbledon walipopanda kwenye fainali ya mchujo Wembley 2016 dhidi ya Plymouth Argyle, kisha akaenda Wycombe Wanderers na kufika nao Championship 2020. Hakuwa anakimbia. Alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, akaushika sekunde tatu hadi wenzake wafike. Kwa timu inayobanwa dakika 60 kati ya 90, sekunde tatu hizo ni pumzi. Hilo haliandikwi kwenye safu ya magoli.

Mwili huisha kwa ratiba. Jumamosi saa tisa alasiri ya kule, Jumanne usiku, Jumamosi tena, na katikati basi. Barrow kwenda Gillingham ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Nyama za paja la nyuma, nyonga na kifundo cha mguu ndivyo vinavyoondoka kwanza, hasa kwa straika wa kutegemea mbio. Kosa la kawaida ni kurudi mapema kwa sababu mkataba unaisha Juni: anacheza Februari akiwa asilimia 80, anajitonesha, Mei anaachwa akiwa majeruhi, na Julai hakuna anayempa majaribio. National League inaruhusu nyasi bandia, EFL hairuhusu. Harrogate Town walipopanda 2020 na Sutton United 2021 walilazimika kung'oa zao. Straika aliyezoea mdundo wa nyasi bandia anahitaji wiki kadhaa kubadili muda wa mbio zake.

Kupanda kupo, ila kuna njia zake. Jamie Vardy alikuwa analipwa pauni 30 kwa wiki Stocksbridge Park Steels, Halifax Town wakamchukua 2010 kwa pauni 15,000, akaenda Fleetwood Town akafunga 31 za ligi msimu wa 2011-12, na Leicester City wakamnunua kwa pauni milioni 1. Ivan Toney aliondoka Northampton kwenda Newcastle United, akazungushwa kwa mikopo, na hakusimama hadi Peterborough United walipomnunua 2018 wakamwacha acheze kila wiki. Macaulay Langstaff alitoka Gateshead, ngazi ya sita, akaenda Notts County na kufunga 42 za National League msimu wa 2022-23, mwaka uliofuata 28 za League Two, kisha Millwall. Wote watatu waliinuka baada ya kupata klabu iliyowapa msimu mzima wa kuanza mechi. Ukishauri kijana achague kati ya kukaa benchi League One na kuanza kila Jumamosi National League, mimi nitasema aanze.

Sasa mpwa wako, mkuu. Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, habari si nzuri, na aisome kabla hajaenda kwenye majaribio yoyote. Viza hiyo inakataza kuwa mwanamichezo wa kulipwa, na tafsiri ya uhamiaji wa Uingereza ni pana: inahusu hata asiyelipwa senti, akiwa amesajiliwa na timu ya kulipwa au ya nusu kulipwa. Pia inamgusa aliyeichezea timu ya taifa ndani ya miaka miwili iliyopita, kuanzia U17. Kocha wa timu ya ngazi ya saba anaweza kumwambia "njoo tu, ni nauli tunakupa", na hapo ndipo viza inapoharibika. Timu ya chuo kwenye BUCS, mashindano ya vyuo vikuu vya Uingereza, haina shida hiyo, acheze huko. Njia ya kibali cha kazi nayo ni nyembamba: klabu iwe ya EFL au Ligi Kuu na mchezaji atimize masharti ya FA, chama cha soka cha Uingereza, ambayo kila klabu ya League One na League Two hulegezewa kwa wachezaji wawili tu. Klabu za National League kushuka chini haziwezi kumdhamini. Ndiyo maana Watanzania na Wakenya tunaowaona huko, kina Yussuf, Haji Mnoga, Jonah Ayunga, ni waliozaliwa au kukulia Uingereza.

Kama ana pasipoti au ukaazi, mambo ni mengine. Mwishoni mwa Juni atafute timu za ngazi ya tisa na ya kumi, zile za karibu na anapoishi, amwandikie katibu wa klabu: nafasi anayocheza, kimo, mguu anaotumia, alikocheza, na video ya mechi moja nzima. Video ya magoli matupu haimwambii kocha anafanya nini timu isipokuwa na mpira. Majaribio huwa kwenye mechi za kirafiki za Julai. Akishasajiliwa bila mkataba, klabu nyingine ikimtaka lazima iipe klabu yake taarifa ya siku saba kwanza, kwa hiyo asizungumze na mtu pembeni. Na kama aliwahi kusajiliwa na klabu yoyote chini ya TFF, aseme siku ya kwanza, maana FA lazima iombe hati ya uhamisho wa kimataifa. Akinyamaza akacheza, timu inaweza kunyang'anywa pointi za mechi zote alizoshiriki.