Miezi 2 bado mapema kwa finasteridi

Mkuu, umeuliza kama uache finasteridi, dawa ya upara, kwa kuwa miezi 2 imepita na upara wa utosini uko vilevile. Usiache kwa sababu hiyo. Dawa hii huzuia testosteroni, homoni ya kiume, isigeuzwe kuwa DHT, homoni inayodhoofisha mashina ya nywele, na nywele zenyewe hukua polepole. Wengi huanza kuona tofauti baada ya miezi 3 hadi 6, wengine hata mwaka. Ukiacha, ulichopata kitapotea ndani ya miezi 12 hivi.

Ila hamu ya tendo ikishuka au moyo ukawa mzito kwa huzuni, rudi kwa daktari aliyekuandikia, usione aibu kabisa. Na kwa vile shemeji ni mjamzito, tafadhali asishike kidonge kilichovunjika. Kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.