Dada wa vikapu, usilipie hilo banda la Diamond Jubilee kabla hujasimama mlangoni

Dada, usilipe. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba unasuka vikapu na mikoba ya ukindu huko Tanga, kuna kaka amekupigia simu anakuuzia banda la mita tatu kwa tatu kwenye maonyesho ya mashine za kufungashia bidhaa pale ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar, siku tatu, na amekuhakikishia watapita watu elfu nane. Unauliza uchapishe vipeperushi vingapi, upange vipi bidhaa, risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zinakuwaje, na ulale wapi Dar bila kuumia. Naona wachangiaji hapo juu wameshafika hadi rangi ya kitambaa cha meza. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hao watu elfu nane wanakuja kununua nini!

Mimi niliambiwa elfu kumi. Na walikuja kweli, ukumbi ulifurika. Ndiyo maana bado inaniuma mpaka leo, maana wasingekuja ningesema ni bahati mbaya.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, hapahapa Dar. Natengeneza meza za kulia chakula, makabati, vitanda, kazi ya mbao za mninga na mkongo. Mwaka ule nilialikwa harusi pale Diamond Jubilee, mtoto wa mteja wangu anaoa. Nikaona magari yaliyoegeshwa, nikaona nguo za watu, nikajiambia hawa ndio wanunuzi wangu. Wiki chache baadaye kuna jamaa akanipigia, sauti laini kama ya huyo wako nadhani, akasema kuna maonyesho ukumbi uleule, banda la kona limebaki moja tu, na kuna mtu mwingine analitaka, kwa hiyo kama niko tayari nitume kianzio leo. Nikauliza maonyesho ya nini. Akajibu, "Ni ya elimu, kaka, lakini wazazi wanakuja na pesa." Nikatuma kianzio jioni ileile.

Banda milioni moja na laki nane. Umeme na taa, laki moja na ishirini. Lori la Fuso kwenda na kurudi, laki tatu. Vijana wawili wa kunisaidia siku zote tatu, posho na chakula, laki na nusu. Vipeperushi elfu mbili, laki mbili na arobaini. Bango la kusimama, elfu tisini. Hapo ni milioni mbili na laki saba, na sijagusa mbao. Maana niliona haifai kupeleka kazi za kawaida, nikakopa milioni mbili na laki nne kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikatengeneza seti moja ya meza na viti sita na kabati la vyombo la milango minne, mninga mtupu, nimeisugua mwenyewe kwa msasa laini mpaka usiku wa manane. Milioni tano na laki moja, dada. Kwa neno la mtu ambaye sijawahi kumuona sura.

Asubuhi ya siku ya kwanza milango inafunguliwa, wanaingia wanafunzi. Sare nyeupe na bluu, sare za kijani, mabasi ya shule yamejipanga nje. Yalikuwa maonyesho ya vyuo, vingi vya nje ya nchi, vinatafuta vijana waliomaliza kidato cha sita. Kushoto kwangu chuo cha udaktari, kulia kwangu wakala wa viza. Mimi katikati na kabati la vyombo.

Ile meza ikawa kituo cha mapumziko. Watoto wamechoka kuzunguka, wameona viti sita vizuri, wanakaa. Ningewafukuzaje? Binti mmoja, mpole kabisa, aliweka mfuko wa chipsi juu ya meza huku anajaza fomu. Alipoinuka kulikuwa na duara la mafuta la ukubwa wa sahani, limeshaingia kwenye mbao. Akaniambia, "Samahani shikamoo," yote kwa pamoja, akafuta kwa kiganja, mafuta yakasambaa zaidi. Sikumgombeza. Hakuwa na kosa, alikuwa amekuja kutafuta chuo.

Na wazazi walikuja, yule jamaa hakusema uongo. Walikuja na pesa, na pesa ile ilikuwa na kazi yake: ada ya mwaka wa kwanza, tiketi, viza. Mzee mmoja alilipapasa kabati lile muda mrefu, akaniuliza bei, nikamtajia, akatazama bahasha aliyoshika. Akasema, "Kazi nzuri sana, fundi," akaenda kwenye banda la udaktari. Siku tatu, sikuuza hata kigoda.

Sasa sikia jioni ya mwisho, Ijumaa. Kesho yake kulikuwa na harusi, na ukumbi ulitakiwa uwe mtupu usiku uleule. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba wa mwandaaji na ukumbi, mimi nilipewa risiti ya karatasi moja tu, na jamaa yangu hakunitajia. Saa kumi na mbili wapambaji wameshaingia na ngazi na majora ya vitambaa, wanasubiri tuwapishe, na wao wana kazi yao. Fuso limekwama kwenye foleni. Tukatoa mzigo nje, tukakaa nao. Ikaanza manyunyu. Turubai nililokuwa nalo lilitosha kabati, halikutosha meza. Wanaojua vanishi mpya wanajua maji yanaifanyaje: asubuhi ile meza ilikuwa na mabaka meupe kama ukungu, uso mzima. Nikaisugua yote upya. Nilikuja kuiuza miezi saba baadaye, kwa bei ya mbao.

Nilimpigia yule jamaa. Akaniambia, "Kaka, mimi niliahidi watu, na watu uliwaona." Nimelikumbuka hilo neno kila siku. Hakuna siku aliyoniuliza natengeneza nini! Sikieni namna hii biashara inavyokwenda, kwa sababu mimi nilikuja kuielewa nikiwa nimeshalipa: mwandaaji anakodi ukumbi kwa siku, anaukata mabanda, anayauza kwanza kwa wanaohusika na shughuli yenyewe. Siku zikikaribia na mabanda ya pembeni bado yapo, anawapa watu wa kamisheni wayamalize. Hao ndio wanaokupigia simu Tanga. Kwao wewe na vikapu vyako, mimi na makabati yangu, muuza pampu za maji, wote ni mita za mraba tisa. Kuna waandaaji waaminifu, nimeshakutana nao, watakwambia wazi "hii si ya kwako, njoo ile ya Novemba". Huyo mwenye "limebaki moja tu" mwache.

Na ukumbi hauna kosa, naomba tuelewane. Ukumbi ni mmoja, shughuli ni mia. Jina lake lenyewe linakumbusha Jubilei ya Almasi ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, mwaka 1946, alipopimwa uzito kwa almasi hapahapa Dar es Salaam. Tangu hapo Upanga pale kumepita kila kitu. Mwaka 2013 bondia wetu Francis Cheka alimtwanga Mmarekani Phil Williams humohumo, ukumbi unapiga kelele. Mwaka 2015 Magufuli alikabidhiwa humohumo cheti cha ushindi wa urais. Wiki hii vifaa vya ujenzi, wiki ijayo kwaya, keshokutwa sendofu, halafu mkutano wa wanahisa wa benki. Kuta zilezile, watu tofauti kabisa. Mimi niliona watu wa harusi nikadhani nimeuona ukumbi.

Baada ya hapo nilijiwekea kanuni moja, na sijaivunja: silipii banda mpaka nimesimama mlango wa kutokea wa shughuli ya aina hiyohiyo, saa kumi jioni, nikatazama mikono ya wanaotoka. Mlango wa kuingilia hauna faida, pale wote wana mikono mitupu na nyuso za matumaini. Simama wanapotoka. Hesabu watu mia. Wangapi wamebeba mfuko wa kitu walichonunua? Na ni kitu gani?

Nimeshafanya hivyo mara nyingi, natoka Keko na bajaji, nasimama. Maonyesho ya ujenzi: wanatoka na vipande vya vigae, sampuli za rangi, katalogi chini ya kwapa, na wanaume wanaojadiliana bei kwa sauti kubwa. Hapo nililipia mwaka uliofuata, banda dogo, sikupeleka kabati. Nilipeleka mlango mmoja wa mninga na fremu yake, nikausimamisha. Mkandarasi mmoja aliufungua na kuufunga mara tatu, akasikiliza bawaba, akaondoka na namba yangu. Alirudi na oda ya milango kumi na minne. VICOBA nilimaliza deni kwa oda hiyo.

Bazaa za wajasiriamali wanawake, hizi sasa zinakuhusu: nilihesabu watu mia, zaidi ya sitini walitoka na mifuko. Batiki, viungo, sabuni za mwani, mikoba. Wengine mifuko miwili, na mtoto kabebeshwa wa tatu. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba pia, pale Barabara ya Kilwa, ukipata nafasi kwenye mabanda ya wajasiriamali wadogo: watu wanatoka nyumbani wameshapanga kununua, na siku zake zinafika wiki mbili, tarehe 28 Juni hadi 13 Julai, si siku tatu za kukimbizana.

Maonyesho ya mashine za kufungashia? Nimesimama kwenye ya namna hiyo. Wanatoka wenye viwanda na mameneja wao, mkononi kadi za biashara na vipeperushi. Kati ya watu mia niliona mfuko mmoja, na ndani yake kulikuwa na chupa tupu za sampuli. Labda uniambie kuna kiwanda kinataka kufungasha bidhaa kwenye vikapu vyako, na hilo nalo lina njia yake, utalimaliza kwa simu na sampuli tatu kwenye basi.

Na wewe uliye juu yangu unayeandika "kujitangaza ni uwekezaji", wewe umeshawahi kurudisha kabati Keko saa sita usiku? Kwangu vile vipeperushi vimebaki elfu moja na mia sita, watoto wanachorea nyuma. Vinasomeka vizuri tu.

EFD kuna wahasibu humu, watakusaidia. Pa kulala sijui, mimi nalala kwangu.

Ila fanya hivi. Nauli ya Tanga hadi Dar ni ndogo kuliko kianzio anachokudai. Mwambie huyo kaka unafikiria, kisha subiri bazaa itakayofuata, panda basi la alfajiri, uwe Upanga kabla ya saa kumi jioni. Vaa viatu vya chini, utasimama sana. Chukua daftari, hesabu mia moja, usichague nyuso. Ukimaliza rudi kwenye uzi huu uandike namba uliyopata, hata kama ni ndogo. Nitakuwa naingia kila usiku kuangalia.