Faili la baiti sifuri, na taa aliyoiona mjomba

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Urambo aliniandikia hivi kuhusu Arduino yake, kile kibao kidogo cha kompyuta unachokipangia kazi mwenyewe: "Kaka, Arduino yangu inasema kadi iko sawa, lakini nikiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta nakuta faili lipo, ndani hakuna kitu. Nimeshabadilisha memori kadi tatu. Nifanyeje?"

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana mimi nilibadilisha nne.

Wanaonifuata siku zote wanaujua mradi wangu wa mizinga. Kwa wageni: naishi Isevya, hapa Tabora mjini, na mjomba wangu ana mizinga huko Sikonge, mingine ya magome, mingine ya mbao. Nilitaka kujua joto la ndani ya mzinga usiku na mchana. Nyuki hulishikilia joto la majana, yaani watoto wao, kwenye nyuzi 34 hadi 35 hivi, nje kuwe na baridi au jua la kupasua kichwa, na joto hilo likianza kuyumba ujue humo ndani kuna jambo. Nikachukua sensa ya joto ya DS18B20, Arduino Uno na moduli ya kadi, yaani kifaa cha kuchomekea memori kadi, niliyoagiza Kariakoo ikaja kwa basi. Porini hakuna mtandao, kwa hiyo kila kipimo kilipaswa kuandikwa kwenye kadi. Najua wewe unayesoma hapa una ndoto ya namna hiyohiyo, ndiyo maana umefika.

Mezani kwangu kilionekana kufanya kazi siku mbili bila kukosea. Nikakifunga kwenye kopo la plastiki, nikakipeleka Sikonge, nikakiacha wiki nzima. Niliporudi, faili lilikuwepo: baiti sifuri. Nikailaumu kadi, nikanunua nyingine. Wiki ya pili, baiti sifuri. Nikailaumu moduli. Katikati ya hayo nikaalikwa kwenye maonyesho ya wabunifu, na kwa kiburi nikaenda, nikiamini kadi mpya itakuwa imeandika. Nikaichomeka kwenye kompyuta mbele ya majaji watatu. Mmoja wao, mzee wa suti ya kijivu, akainama, akatazama kioo, akasema, "Kijana, umetuletea kipimajoto kisichokuwa na kumbukumbu." Watu wakacheka. Sitamtaja, wala sitayataja maonyesho yenyewe, ila sauti yake ninayo mpaka leo.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma zaidi ya kicheko kile. Jibu nilikuwa nimeshaambiwa. Siku ya kwanza kabisa, tulipokuwa tunarudi kutoka mizingani, mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, kile kitaa chako chekundu mbona kimelala mapema? Hata moshi wangu haujazimika." Nikamjibu kwa dharau kidogo kwamba ni kawaida, kinapumzika. Mzee wa nyuki miaka zaidi ya thelathini atajua nini kuhusu umeme?

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Nilikuwa natumia pawabenki. Pawabenki nyingi zimeundwa kwa ajili ya simu: zikiona mkondo ni mdogo sana, zinadhani simu imejaa, zinajizima. Uno yangu ilikuwa inanyonya miliampea kama 50 tu. Mezani ilikuwa inakula umeme wa kompyuta, ambao haujizimi. Porini ilikuwa inaishi chini ya dakika moja.

Lakini subiri, hata kama ingeishi siku nzima kisha umeme ukatike, bado ningekuta sifuri. Hapo ndipo kosa la pili lilipokaa, na ndilo ninaloshuku kwa huyu ndugu wa Urambo. Programu yangu ilikuwa inafungua faili mara moja pale mwanzo, inaandika, inaandika, haifungi kamwe. Laibrari ya SD, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kushughulikia kadi, haipeleki kila herufi kwenye kadi papo hapo. Inakusanya baiti 512 kwanza. Mstari wangu mmoja una kama herufi 20, na ninaandika kila dakika 10, kwa hiyo kujaza hizo 512 kunachukua zaidi ya saa nne. Na hata zikijaa na kupelekwa, ukubwa wa faili hausahihishwi kwenye orodha ya kadi mpaka utoe amri ya flush (peleka yote kwenye kadi sasa hivi) au ya close (funga faili). Faili linazaliwa na ukubwa wa sifuri na linabaki hivyo. Kompyuta ikisoma orodha inaambiwa hakuna kitu, nayo inaamini.

Kwa hiyo: flush baada ya kila mstari. Kwa kipimo cha kila dakika 10 hupotezi chochote. Flush.

Nilikutana na makosa mengine njiani, nayapitia harakaharaka. Faili langu la kwanza niliita joto_mzinga1.txt, likakataa kabisa kufunguka, kwa sababu laibrari ile inataka majina ya kizamani: herufi zisizozidi nane, nukta, herufi zisizozidi tatu. Sasa linaitwa MZINGA1.TXT. Kadi moja ilikuwa ya GB 64, ambayo hutoka dukani ikiwa na mpangilio wa mafaili uitwao exFAT, na laibrari inaelewa mipangilio ya FAT16 na FAT32 tu. Na kuna jioni niliunganisha moduli kwenye pini ya volti 3.3 nikidhani nailinda kadi. Moduli yangu ina kishusha volti chake, inataka 5. Nilipoweka multimita kwenye mguu wa kadi nikasoma 2.4, wakati kadi inahitaji angalau 2.7. Isitoshe, ile pini ya 3.3 ya Uno inatoa miliampea 50 tu, na kadi inapoandika inaweza kuruka ikapita mara mbili ya hapo. Weka kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na moduli, iwe akiba ya umeme kwa miruko hiyo. Ni shilingi chache, na fundi redio yeyote pale sokoni anayo.

Vijana wenzangu, tuna ugonjwa wa kununua kabla ya kupima. Kadi nne! Ile pesa ingetosha nauli ya Sikonge kwenda na kurudi. Tunaona neno "sawa" kwenye kioo tunafurahi, kumbe programu imesema sawa mara moja tu, asubuhi, na hatukuiuliza tena. Amri ya println, ile inayoandika mstari, inakurudishia idadi ya baiti ilizopokea. Ikirudisha sifuri, washa taa nyekundu, piga kelele, fanya lolote. Mimi sikuwa nasoma jibu hilo. Na mtu akikuambia ameona kitu kwenye mtambo wako, hata kama hajui Arduino ni nini, nyamaza umsikilize. Haya nayasema nikijiambia mwenyewe kwanza.

Siku hizi natumia betri ya pikipiki, kishusha volti na paneli ndogo ya sola. Wiki iliyopita nilitoa kadi baada ya siku 41: mistari 5,904, haukukosekana hata mmoja. Usiku mmoja nje palishuka hadi nyuzi 15, kwenye majana ikabaki 34 na nusu. Nilimsomea mjomba namba hizo kwenye simu. Akasema, "Sawa, sasa nasi tumejua," kwa sauti ya mtu aliyejua zamani. Yule mzee wa suti ya kijivu ningependa azione pia.

Ndugu yangu wa Urambo, usinunue kadi ya nne. Weka flush leo, kisha washa mtambo wako kwa betri ileile unayotumia shambani, kaa mbele yake na saa mkononi, uniandikie taa imezimika baada ya dakika ngapi.