Mtoto Apewe Kazi Kanisani

Katika usharika wetu wa Kilutheri, huku milimani Upare, wilaya ya Same, watoto ndio wanaofika kanisani mapema kuliko watu wote siku ya Jumapili, na wengine huja wamewabeba wadogo zao mgongoni wakati wazazi bado wanakamua ng'ombe. Kwa hiyo wenzangu wa sharika jirani wanaponiuliza tunawapataje watoto, huwaambia kwamba watoto tunao tayari. Linalopaswa kutusumbua ni kwamba wengi wao wakishapata Kipaimara, yaani ibada ya kuthibitisha imani yao, hawaonekani tena, na kwamba zipo familia zinazoacha kuja kimyakimya bila mtu kujua sababu. Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na nimesadiki jambo moja: familia hukaa pale ambapo mtoto wake ana kazi inayomsubiri na pale ambapo haiogopi kuaibishwa.

Mazoea ya vijijini kwetu ni kuwaweka watoto nje chini ya mti na mwalimu wao, huku wakubwa wakisali ndani, hadi ifike Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, ambapo huingia kwa shangwe na kuongoza ibada kwa nyimbo, maigizo na mistari ya kukariri. Sikukuu hiyo naipenda sana, na Injili yake ya Mathayo 18, ambamo Yesu anamsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi, inatuhusu moja kwa moja. Lakini alisimamishwa katikati, na sisi tunawaweka pembeni karibu mwaka mzima. Ushauri wangu ni kwamba watoto waanze ibada ndani pamoja na wazazi wao, watoke kwenda kwenye somo lao wakati wa mahubiri, kisha warudi kabla ya sadaka ili wapokee baraka wakiwa na familia zao. Mtoto akichukuliwa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, liturujia huingia kichwani mwake kabla hajajua kusoma.

Kisha apewe kazi ya kweli. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrivea, nayo hugongwa kwa kipande cha nondo, mara ya kwanza ili watu walio ng'ambo ya bonde wajiandae, na mara ya pili ibada inapokaribia. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiigonga aliwafundisha watoto wawili wa darasa la tano mahali pa kupiga ili sauti isambae badala ya kukwama, akawaachia zamu. Tangu hapo wazazi wa watoto hao hawachelewi, kwa sababu mwenye zamu huwaamsha nyumba nzima. Vivyo hivyo kwa usomaji wa masomo: mtoto apewe fungu lake tangu katikati ya wiki, alisome nyumbani kwa sauti mbele ya baba au mama, na mwalimu amsikilize Jumamosi. Wapo akina baba ambao kanisani walikuwa wakionekana kwenye harusi na misiba tu, nao wamekuja kusikiliza fungu walilomfundisha mtoto wenyewe. Asipewe mtoto kusoma ghafla asubuhi ileile, kwa maana akikwama mbele ya watu wote hatakubali tena kusimama.

Mnada wa sadaka za mazao nao ni darasa kubwa, ingawa mara nyingi tunauharakisha kwa sababu watu wana njaa. Mtoto akileta mayai mawili aliyoyafunga kwenye jani la mgomba, mnadishaji asiyatumbukize kwenye trei pamoja na mengine. Ayanyanyue peke yake na kuyapandisha bei kwa heshima ileile anayoupa mkungu wa ndizi au gunia la tangawizi. Nimemwona mzee mmoja akiyanunua mayai ya namna hiyo kwa bei ya kuku, kisha akamrudishia mtoto akayale nyumbani na bibi yake. Bibi huyo, anayewalea wajukuu peke yake, alikuwa na desturi ya kukaa karibu na mlango na kuondoka wakati wa matangazo. Siku hiyo alibaki, akazungumza na watu hadi uwanja ukaisha watu.

Kuhusu aibu, nasema wazi kwamba tunafukuza watu bila kukusudia. Majina ya waliochelewesha ahadi zao za kutoa fedha kwa kanisa yasisomwe mbele ya usharika. Mhazini anaweza kumfuata mtu nyumbani. Sare ya kwaya ya watoto isiwe sharti la kuimba, kwa kuwa mzazi asiye na fedha ya kitambaa atasema mtoto anaumwa, na ataendelea kusema hivyo hadi tusahau kuuliza. Mama mwenye mtoto anayelia asigeukiwe na macho ya benchi zima, bali atokee mtu wa kumpokea mtoto. Na binti aliyezaa kabla ya ndoa, ambaye utaratibu wa kanisa unamtaka apitie hatua za kurudi kundini, mchungaji aongee naye kwa faragha na upole, wala mtoto wake asibebeshwe chochote cha jambo hilo. Nimeona mabinti wakikaa nyumbani miaka kwa kuogopa siku moja ya kusimamishwa mbele za watu.

Waliopata Kipaimara tunawaona kuwa wamekuwa watu wazima, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Wa miaka 14 au 15 bado anahitaji mlezi anayemjua kwa jina, na anafaa sana kuwa msaidizi wa mwalimu wa wadogo. Mazoezi ya kwaya yaishe kabla ya giza, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja ofisini, hata awe mtu wa kuaminika kiasi gani.

Desemba familia zetu hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na benchi za nyuma hujaa watoto wasiojua mtu. Wiki mbili kabla ya Krismasi tunawaandaa watoto wa hapa kuwapokea: kila mmoja anatafuta mgeni wa rika lake, anamketisha karibu naye na kumfundisha wimbo mmoja mfupi siku ya mazoezi, nao wanauimba pamoja asubuhi ya Krismasi wakiwa wamechanganyika, wenyeji na wageni, huku mabibi wakiulizana huyu ni wa nani na yule ni wa nani.